Agada: Elimu ya Sumu Iliyodhoofika India

Tiba ya Ayurveda iligawanywa tangu kale katika matawi manane. Liko tawi la maradhi ya mwili kwa jumla, la upasuaji, la macho, masikio na koo, la watoto na uzazi, na mengineyo. Tawi moja lilipewa kazi moja tu: kumwokoa mtu aliyeingiwa na sumu, iwe ya nyoka, ya mmea, ya madini, au ile iliyotiwa chakulani na mkono wa adui. Jina lake ni agada tantra. Tawi hilo bado lipo. Lina maprofesa, vitabu vya kiada na mitihani katika vyuo vya Ayurveda nchini kote. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2019 watu milioni 1.2 walikufa India kwa kuumwa na nyoka, wastani wa 58,000 kila mwaka. Hakuna nchi nyingine inayokaribia idadi hiyo. Na katika juhudi za kuipunguza, sauti ya tawi lililoundwa kwa ajili ya watu haohao haisikiki.

Hali hii huelezwa kwa njia mbili, na zote mbili ni nyepesi mno. Wako wanaosema mkoloni aliiua elimu hii. Wako wanaosema ilikuwa ushirikina mtupu, ikafa kama ilivyostahili. Mimi naona kilichokuwa hai ndani ya agada kilikuwa tabia ya kuutazama mwili wa aliyeathirika kwa makini, hatua kwa hatua, na kuandika kinachoonekana. Dawa zake nyingi zilikuwa dhaifu. Utazamaji wake ulikuwa na nguvu, na huo ndio ulioachwa.

Tuanze na maandishi yenyewe. Kitabu cha Sushruta, kilichokusanywa kwa vizazi vingi na ambacho asili yake ni ya takriban miaka elfu mbili iliyopita, kina sehemu nzima ya sura nane kuhusu sumu. Sehemu hiyo inafunguka jikoni mwa mfalme. Tabibu anaelekezwa namna ya kumchagua msimamizi wa jikoni na namna ya kumtambua mtia sumu: akiulizwa hajibu, au anajibu ovyo, anachorachora ardhi, anaalisha vidole, anacheka pasipo sababu. Chakula kinatupwa motoni, na ikiwa moto unatoa mlio wa kupasuka na mwali wenye rangi za shingo ya tausi, basi kina sumu. Nzi waliotua juu yake wanatazamwa kama wanakufa. Ndege wanafugwa karibu na jikoni kwa kazi hiyohiyo. Kitabu cha utawala cha Kautilya nacho kinamtaka mfalme awe na wajuzi wa sumu karibu yake wakati wote. Mambo mengine hapa ni ya hadithi, lakini mkondo wa fikra ni wa mpelelezi: sumu huacha alama kabla haijamfikia mlaji, na alama hizo zinaweza kujifunzwa.

Sumu ikishaingia mwilini, maelezo yanakuwa ya kina zaidi. Vitabu vinaipa sumu sifa kumi: ni kavu, ni moto, ni kali, ni nyembamba kiasi cha kupenya kila njia, hufanya kazi haraka, husambaa mwili mzima kabla haijameng'enywa, hulegeza viungo, haina utelezi, ni nyepesi, na tumbo haliwezi kuimeng'enya. Sifa hizo zimepangwa kinyume cha sifa za kile kinachoitwa ojas, yaani kiini cha uhai ambacho makao yake ni moyoni: kizito, baridi, laini, tulivu, chenye utelezi. Kwa hiyo sumu katika Ayurveda ni kitu chenye asili iliyo adui wa uhai kwa kila upande, na ugonjwa wa kawaida hauifikii kwa hilo. Waandishi walikwenda mbali zaidi wakaona kwamba pombe nayo ina sifa hizohizo kumi, ila kwa kiwango cha chini. Ndiyo maana hulevya kwanza, na kuua baadaye.

Msomaji wa pwani aliyesikia wazee wakizungumzia balghamu na safura hatapata shida kuelewa kinachofuata. Ayurveda inausimamisha mwili juu ya nguvu tatu, upepo, nyongo na kohozi, na juu ya tabaka saba za mwili zinazofuatana: maji ya lishe, damu, nyama, mafuta, mfupa, uboho na mbegu ya uzazi. Sumu ya nyoka inasafiri kutoka tabaka moja hadi jingine, na kila inapovuka mpaka mwili unapata wimbi jipya la dalili. Sushruta anahesabu mawimbi saba. Kwa nyoka mwenye kofia, damu inaharibika kwanza na kuwa nyeusi, na mtu anahisi kama sisimizi wanatembea mwilini. Kisha nyama inashikwa, panatokea uvimbe na mafundo. Sumu ikifika kwenye mafuta, jeraha linatoa majimaji, kichwa kinakuwa kizito na macho yanakazika. Inapoingia kiwiliwili, usingizi unamlemea, mate yanamtoka na viungo vinalegea. Kwenye mfupa yanakuja maumivu ya maungio, kwikwi na joto kali. Kwenye uboho moyo unauma na fahamu zinapotea. Wimbi la mwisho ni la povu mdomoni, mgongo na kiuno kuvunjika nguvu, kila mwendo kukoma, na pumzi kukatika.

Ukiondoa nadharia ya tabaka, kilichobaki ni kumbukumbu ya mtu aliyekaa kando ya wagonjwa wengi hadi mwisho wao. Vivyo hivyo kwa uainishaji wa nyoka. Vitabu vinawagawa wenye sumu katika makundi makuu matatu: wenye kofia, wenye mabaka ya duara, na wenye mistari. Mwenye kofia ni fira. Mwenye mabaka ni wa jamii ya vifutu, na mashuhuri kati yao India ni nyoka wa Russell. Mwenye mistari analingana vizuri na kraiti. Aliyeumwa na wa mabaka, inasemwa, anavimba sana, anaungua, anageuka manjano na kuvuja damu. Aliyeumwa na wa mistari anapauka, anakuwa baridi, ute mzito unamjaa mdomoni, koo linaziba na pumzi inazuilika. Madaktari wa leo wanajua sababu. Sumu ya nyoka wa Russell hutumia vigandishi vya damu hadi vikaisha, damu ikakataa kuganda, na figo zikaharibika. Sumu ya kraiti hukata mawasiliano kati ya mishipa ya fahamu na misuli, hivyo kope zinashuka, kumeza kunashindikana, mate yanakusanyika kinywani na mwisho misuli ya kupumulia inasimama. Waandishi wa kale hawakujua chochote kuhusu vigandishi wala mishipa ya fahamu, ila waliona vifo vya aina mbili tofauti na wakavitenganisha. Waliandika hata saa: fira hutembea mchana, wenye mabaka usiku, na wenye mistari katika fungu la mwisho la usiku. Kraiti kwa kweli huuma watu waliolala sakafuni usiku, mara nyingi bila maumivu ya kuwaamsha, na familia hugundua alfajiri.

Uainishaji huo ulikuwa na matokeo katika tiba. Jeraha la nyoka mwenye mabaka lilikatazwa kuchomwa moto, kwa kuwa sumu yake tayari ni ya joto. Mengine yaliruhusiwa. Tabibu alitakiwa kufunga kamba vidole vinne juu ya jeraha, kuchanja, kufyonza, kutoa damu, kumnywesha mgonjwa asali na samli ili moyo ukingwe, kumtapisha, kumtia dawa puani na machoni, kila kitu kwa wimbi lake. Charaka, mwandishi mwingine wa kale wa Ayurveda, anaorodhesha njia 24 za kutibu sumu. Tukipima kwa ujuzi wa sasa, nyingi hazisaidii na baadhi zina madhara: kamba iliyokazwa huua nyama ya kiungo, na kuchanja mtu ambaye damu yake haigandi ni kumfungulia mlango wa kuvuja. Hili lisemwe wazi, maana wapo wapenzi wa Ayurveda wanaolikwepa.

Kuna wazo jingine ambalo kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote. Mbali na sumu inayoua papo hapo, vitabu vinataja sumu iliyochakaa, dushivisha: mabaki ya sumu yaliyopunguzwa nguvu na dawa, na jua, na upepo au na wakati, yakabaki mwilini yamefunikwa na kohozi kwa miaka. Hayaui. Yanasubiri siku ya mawingu, baridi, chakula kibaya au udhaifu, kisha yanaamka kama mabaka ya ngozi, uvimbe, kuharisha, kuchanganyikiwa akili, au kukosa uzazi. Mwanadamu anaweza kubeba sumu bila kujua, na dalili zikaja mbali na chanzo. Katika dunia ya viuatilifu na risasi iliyomo kwenye rangi, wazo hilo lilikuwa na kila sababu ya kukua.

Elimu hii ilivuka mipaka mapema. Katika zama za Bani Abbasi, familia ya Barmaki iliyowahudumia makhalifa ilikusanya matabibu wa Kihindi Baghdad, na tabibu aitwaye Manka anatajwa kuwa mfasiri wa kitabu cha sumu kilichohusishwa na Shanaq, jina ambalo Waarabu walimpa Chanakya, yaani yule Kautilya. Baadaye kiliingizwa katika Kiarabu kwa ajili ya khalifa al-Ma'mun. Ni wazi kwamba kulikuwa na kitu ambacho wajuzi wa mbali walikiona kinafaa kujifunzwa.

Udhaifu nao ulikuwa ndani tangu mwanzo. Pembeni ya dawa palikuwa na maombi ya Garuda, ndege adui wa nyoka, na Sushruta mwenyewe anayapa maombi hayo nafasi ya heshima juu ya mizizi na majani. Kadiri karne zilivyopita, sehemu ya kazi ya tabibu wa sumu ikazidi kuwa kumsoma mjumbe aliyekuja kuita: amesimama upande gani, ameshika nini, neno lake la kwanza ni lipi. Kutokana na hayo ilitolewa hukumu kama mgonjwa atapona. Nasema bila kusita kwamba hapo ndipo ufa ulipoanzia. Siku tabibu alipoweza kutoa hukumu kabla hajamwona mgonjwa, jicho lililotenganisha fira na kraiti lilikuwa limeanza kufumba.

Kerala, kusini mwa India, ndiko elimu hii ilikoishi muda mrefu zaidi. Mvua nyingi, mashamba ya mpunga na nyoka wengi viliifanya kuwa ya lazima. Koo za matabibu wa sumu zilirithishana maarifa, na vitabu vikaandikwa kwa Kimalayalam ili msomaji asitegemee Kisanskriti peke yake. Jyotsnika ndicho mashuhuri zaidi kati ya hivyo, na hata katika karne ya 20 V. M. Kuttikrishna Menon aliandika Kriyakaumudi akikusanya urithi huo. Katika koo nyingi ilikuwa mwiko kudai malipo kwa mtu aliyeumwa na nyoka. Tabibu aliamshwa usiku, akachuma majani mabichi, akasaga, akakesha. Desturi hiyo ilikuwa na utu mkubwa, na nadhani ndiyo iliyochangia pia kuangamia kwake. Mwaka 1902 P. S. Varier alianzisha Arya Vaidya Sala huko Kottakkal, na dawa za Ayurveda zikaanza kuuzwa zikiwa tayari chupani. Matawi mengine yalipata soko. Kazi ya tabibu wa sumu, isiyolipwa na inayotegemea majani ya usiku uleule, haikuwa na cha kuuza. Vijana wa koo hizo walikwenda kusoma kazi nyingine.

Wakati huo wageni walikuwa wameshaanza kufanya kile ambacho agada ilikiacha. Patrick Russell, mtaalamu wa viumbe wa Kampuni ya India ya Mashariki, aliwapima nyoka wa pwani ya Coromandel mwishoni mwa karne ya 18, akajaribu juu ya mbwa na kuku vidonge mashuhuri vya Tanjore, ambavyo ndani yake kulikuwa na aseniki. Daktari Joseph Fayrer alirudia majaribio ya namna hiyo Kolkata na kuchapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1872, akiwa hajaipata hata dawa moja kati ya alizozijaribu iliyoshinda sumu ya fira. Mwaka 1894 mtafiti Albert Calmette jijini Paris alitangaza seramu ya kutibu sumu ya nyoka, baada ya kufanya kazi na sumu ya fira huko Saigon. Ajabu ni kwamba Calmette mwanzoni aliamini seramu moja inatosha nyoka wote. Ilibidi watafiti wengine, akiwemo George Lamb aliyefanya kazi India, waonyeshe kwamba seramu ya fira haifai kitu kwa nyoka wa Russell. Kwamba nyoka wa makundi tofauti huua kwa njia tofauti na huhitaji tiba tofauti, Sushruta alikuwa ameliandika zamani. Kama agada ingekuwa na mtu mezani siku hizo, angekuwa na neno la maana la kusema. Haikuwa na mtu.

Kutokuwepo huko kulikuwa pia na mkono wa serikali. Mwaka 1835 utawala wa Kiingereza ulifunga taasisi ya Kolkata iliyokuwa ikifundisha tiba ya kizungu pamoja na ya kienyeji, ukasimamisha masomo ya Ayurveda katika Chuo cha Kisanskriti, na kufungua chuo cha udaktari cha kizungu. Sheria za usajili wa madaktari, Bombay mwaka 1912 na Madras mwaka 1914, ziliwaacha matabibu wa kienyeji nje ya daftari. Kwa fani ya sumu pigo hilo lilikuwa zito kuliko kwa fani nyingine yoyote, kwa sababu sumu ni jambo la polisi na mahakama. Anayetoa ushahidi wa kifo cha sumu lazima atambuliwe na sheria. Tabibu wa sumu asiyetambuliwa hakuitwa tena kutazama maiti wala wagonjwa mahututi, na fani ambayo chakula chake kilikuwa wagonjwa mahututi ikakosa chakula.

Uhuru haukurudisha kilichopotea kwa namna ambayo wengi walitarajia. Sheria ya mwaka 1970 iliweka baraza la kitaifa la tiba za kienyeji na mtaala mmoja, na mwaka 2014 iliundwa wizara kamili ya tiba hizo. Fedha na heshima vilikuja. Lakini tazama agada imewekwa wapi: katika mtaala wa shahada imeunganishwa na elimu ya sheria za tiba na uchunguzi wa maiti, katika somo moja. Mwanafunzi anakariri sifa kumi, mawimbi saba na njia 24, kisha anakariri vifungu vya sheria, anafanya mtihani, anaendelea. Aliyekunywa kiuatilifu au kuumwa na nyoka hapelekwi katika hospitali ya chuo chake. Anapelekwa hospitali ya serikali yenye seramu na mashine ya kupumulia, na ni haki apelekwe huko. Matokeo yake ni kizazi cha wahitimu wanaojua mashairi ya dalili za kraiti bila kumwona mtu hata mmoja aliyeumwa naye.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha hasara ya kusoma bila kutazama. Sushruta anataja ishara za mtu wa kuachwa: akikatwa damu haitoki, akichapwa fimbo ngozi haivimbi mistari, akimwagiwa maji baridi vinyweleo havisimami. Kwa wakati wake huenda ilikuwa hekima, tena yenye unyofu, kwa kuwa tabibu alikiri mwisho wa uwezo wake. Leo tunajua kwamba aliyeumwa na kraiti anaweza kulala kama maiti, macho hayaitiki mwanga, hakuna msuli unaotikisika, huku akisikia kila neno linalosemwa juu yake. Akiwekwa kwenye mashine ya kupumulia kwa siku kadhaa, anaweza kuamka na kwenda nyumbani. Orodha ya ishara za kifo inahitaji kuandikwa upya na watu wa fani yenyewe, kwa mkono wao. Wakati huohuo, katika wodi za kawaida za India, daktari asiye na maabara hutia damu kidogo katika chupa safi ya kioo, huiacha dakika 20 bila kuitikisa, kisha huinamisha chupa: damu isipoganda, huenda ni sumu ya jamii ya vifutu. Kipimo hicho ni utazamaji wa aina ileile aliyoipenda Sushruta. Kimezaliwa nje ya nyumba yake.

Katika soko, agada imepata maisha ya pili ambayo yananisikitisha zaidi. Kidonge cha Bilvadi, kilichoelezwa katika kitabu cha Vagbhata, mwandishi mwingine wa kale, kwa ajili ya sumu ya nyoka, nge na panya, chenye manjano, tangawizi, pilipili na mizizi iliyosagwa kwa mkojo wa mbuzi, sasa huuzwa na kuandikwa zaidi kwa matatizo ya tumbo na mzio. Huko hakuna ubaya mkubwa. Ubaya uko katika nyumba za starehe zinazouza juma la kuondoa sumu mwilini kwa mafuta, mvuke na kuharisha, ambapo hakuna anayetaja sumu ni ipi, imeingiaje, wala itajulikanaje kwamba imetoka. Vitabu vya kale vilidai kila sumu itajwe chanzo chake, njia yake na hatua iliyofikia. Neno limebaki, masharti yake yametupwa.

Kisha kuna suala la madini. Ayurveda hutumia zebaki, risasi na aseniki katika baadhi ya dawa, na ina taratibu ndefu za kuyasafisha kabla ya kutumiwa. Taratibu za usafishaji si upuuzi. Mzizi wa akonaiti, ambao kipande kidogo kinaweza kusimamisha moyo, hulowekwa katika mkojo wa ng'ombe au kuchemshwa katika maziwa, na kemia ya sasa imethibitisha kwamba kuchemsha huvunja kemikali zake kali zikawa dhaifu zaidi. Lakini katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti wa Marekani walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston, na katika 14 kati yake wakakuta risasi, zebaki au aseniki. Katika utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2008, walipima 193 zilizouzwa kwa njia ya intaneti, na takriban moja ya tano zilikuwa na madini hayo. Baadhi ya watumiaji wa dawa za namna hii wamelazwa kwa sumu ya risasi. Vitabu vya Ayurveda vyenyewe vinaeleza kwa urefu madhara ya zebaki isiyosafishwa sawasawa. Fani iliyopewa kazi ya kuitambua sumu ndani ya chakula cha mfalme ndiyo iliyopaswa kupima dawa za ndugu zake na kupiga kelele kwanza. Kengele ililia Boston, na jibu la wengi katika fani lilikuwa kujitetea.

Kerala hiyohiyo iliipa agada nafasi nyingine. Katika wilaya ya Kasaragod, mikorosho ya shirika la mashamba la serikali ilinyunyiziwa endosulfani kwa helikopta tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 hadi mwaka 2000. Wakazi walilalamikia watoto waliozaliwa na ulemavu, maradhi ya akili na ya ngozi. Mahakama ya Juu ya India ilisimamisha kiuatilifu hicho mwaka 2011. Hapo palikuwa na dushivisha mbele ya macho, katika nchi ya matabibu wa sumu: sumu ndogondogo, ya miaka mingi, inayojitokeza mbali na chanzo. Waliowazungukia wagonjwa nyumba kwa nyumba na kuandika walikuwa madaktari wa vijijini, waandishi wa habari na wanaharakati. Makala za agada zilizofuata zilieleza kwa ufasaha kwamba viuatilifu ni dushivisha. Kusema hivyo ni kubandika jina la zamani juu ya jambo jipya, na huko si kuchunguza.

Anayelipa gharama ya haya yote ni mkulima. Sehemu kubwa ya vifo vya nyoka India hutokea vijijini, wakati wa mvua za Juni hadi Septemba, na sehemu kubwa ya wanaokufa hawafiki hospitali. Wengi hupitia kwanza kwa mganga. Mganga huyo siku hizi mara chache ni mrithi wa elimu niliyoieleza. Ana jiwe la nyoka la kubandika jerahani, ana maombi, ana kamba. Hajui mawimbi saba, wala hana orodha ya wasiotibika ambayo ingemfanya aseme mapema, huyu siwezi, mpelekeni. Na kwa kuwa nyoka wengi wanaouma hawana sumu, au huuma bila kutoa sumu, wagonjwa wake wengi hupona, na sifa yake huongezeka hadi siku anapoletewa mtoto aliyeumwa na kraiti.

Jiwe hilo tunalijua Afrika Mashariki na Kongo pia, ambako linapita mikononi mwa waganga na hata wahisani wenye nia njema. Francesco Redi wa Italia aliyapima mawe ya nyoka yaliyoletwa kutoka India na kuchapisha matokeo mwaka 1671: hayakuokoa mnyama hata mmoja. Vilevile seramu ya India imetengenezwa dhidi ya nyoka wanne wa huko, fira, kraiti, nyoka wa Russell na yule mdogo wa magamba ya msumeno, kwa sumu ambayo kwa sehemu kubwa hukamuliwa na ushirika wa jamii ya Wairula wa Tamil Nadu ulioanzishwa mwaka 1978. Haina kazi kwa koboko wala moma wetu. Hata baadhi ya seramu zilizotengenezwa India kwa ajili ya Afrika zilishindwa Ghana, na wagonjwa wakafa kwa wingi kuliko kabla. Kila nyoka na dawa yake: somo lilelile, na bado kuna anayelilipia kwa maisha.

Mwaka 2024 serikali ya India ilitangaza mpango wa kupunguza vifo vya nyoka kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Vyuo vya Ayurveda vina kitu ambacho mpango huo unakihitaji: wahitimu wanaokubalika vijijini. Wapewe kazi ya kweli. Wafundishwe kutambua kope zinazoshuka na damu isiyoganda, waandike kila tukio, waangalie vidonda na uchovu unaobaki miezi baada ya kuumwa, ambao hospitali hazina muda nao, na wapime dawa zao wenyewe kabla ya kuziuza. Somo la agada likiendelea kuwa la kukariri, lifutwe, halimsaidii mtu. Na aliyeumwa na nyoka, awe Bihar au Baringo, atulizwe, kiungo chake kisichezeshwe, asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, asipoteze saa moja kwa jiwe wala kwa maombi, apelekwe hospitali. Tabibu wa agada anayekiheshimu kitabu chake ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kusema hivyo kijijini.